Aliyeipiga filamu naye ana jina

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linanikera. Kila mkiandika kuhusu filamu mpya mnamtaja muigizaji, mnamtaja dairekta, hata aliyetoa pesa mnamtaja, lakini yule aliyeipiga hamna kabisa, kama vile kamera ilijipiga yenyewe. Queen of Katwe ilipotoka 2016 hapa Kampala kila mtu ni Lupita, Lupita, na Mira Nair. Sawa, walistahili. Ila zile rangi za Katwe mlizozisifia ni kazi ya mpiga picha wake, Sean Bobbitt, nani alimtaja?

Watu wanadhani kamerameni anabonyeza tu. Hebu fikirieni, sisi tuko ikweta, saa sita mchana jua liko utosini, mtu ukimsimamisha nje macho yanakuwa mashimo meusi, sasa anayejua kazi atatafuta kitambaa cheupe kitandazwe juu ya muigizaji kulainisha mwanga, na mtu mwingine ashike ubao mweupe chini urudishe mwanga usoni, au atabishana na dairekta mpaka hiyo sini isogezwe saa kumi. Halafu ngozi zetu. Ukimweka mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe na kamera ukaiachia ijipimie mwanga yenyewe, ukuta utatoka safi na mtu atakuwa kivuli.

Na hii ya taa mimi niliishuhudia, binamu yangu alikuwa anapiga sini ya ndani huko Kisenyi, ikaanza kuonekana mistari inapanda ukutani kwenye skrini, watu wakasema kamera imekufa, producer ameshashika kichwa anahesabu hasara. Kumbe ni taa za pale! Umeme wetu ni wa hezi 50, taa zinapepesa kufuata mpigo wake, na shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila picha, ilikuwa 1/60 ya sekunde, haikuendana nao; akairudisha 1/50 mistari ikapotea wakaendelea. Siku bango lilipotoka, aliyepika chakula yupo, binamu hayupo. Simlaumu mpishi, pilau lake lilikuwa zuri sana.

Najua kuna wanaofanya yote wenyewe, kama Nabwana, yule mtengeneza filamu wa mtaa wa Wakaliga hapa Kampala, anaongoza, anapiga na anahariri, huyo tayari anajulikana. Ila wengi ni vijana wa kukodi, wa harusi leo na filamu kesho, tena producer anawaita asubuhi ya siku ya kupiga bila hata kuwapeleka kuona lokesheni mapema, wajue dirisha liko upande gani na jua litaingia saa ngapi, halafu picha ikitoka giza lawama zote zao.

Kwa hiyo Mhariri, mwandishi wenu akienda kutazama filamu asikimbie majina yakianza kupita mwishoni, akae ayasome, aandike na la mpiga picha. Na siku mojamoja mumhoji na yeye, mumuulize sini ile ya usiku aliiwashaje, wasomaji tutasoma.

Msomaji wenu,
Kampala