Barua kwa Aikande, kuhusu maumivu ya alfajiri

Moshi, 14 Julai

Mpendwa Aikande,

Salamu nyingi kutoka Pasua. Sisi hatujambo, ila baridi. Niwie radhi kwa kukatiza salamu, kwani tangu Elia aniambie jana kwamba umeacha vidonge vyako vya sonona, fluoksetini, tangu Jumapili, sijatulia.

Sababu naijua: unahofu kwamba vidonge ndivyo vinavyokuletea maumivu ya kifua. Nilipolala kwako huko Sakina nilikuona saa kumi na moja alfajiri umeketi ukingoni mwa kitanda, umekandamiza ngumi katikati ya kifua, jasho likikutoka kwenye baridi ile. Baada ya dakika kama kumi ukainuka, ukaenda kuwasha moto. Maumivu yanayomjia mtu akiwa amepumzika, hasa usiku au alfajiri, kisha yakaisha yenyewe, huweza kutokana na mshipa wa moyo kujikaza ghafla. Daktari Myron Prinzmetal wa Marekani aliyaeleza mwaka 1959. Ni kweli pia kwamba madaktari wameandika habari za wagonjwa wachache waliopatwa na hali hiyo wakiwa wanatumia dawa kama yako, kwa kuwa serotonini, kemikali ya mwilini ambayo dawa hizo huiongezea nguvu, na ambayo hutanua mshipa mzima, huweza kuubana ule uliodhurika utando wake wa ndani.

Hata hivyo, mwenzangu, huo ni uwezekano tu. Sertralini, dawa ya jamii hiyohiyo, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa moyo 369 wenye sonona, na matokeo ya mwaka 2002 hayakuonyesha kuwa iliwadhuru moyo. Nami sijasahau ule mwaka uliokaa miezi madirisha yamefungwa, hata mwanao ukishindwa kumsuka. Sitaki urudi kule kwa kukatisha dawa ghafla bila daktari kujua.

Nenda kesho hospitali na pakiti yako mkononi, nayo maumivu yakikurudia usingoje kesho. Mtajie daktari saa yanapoanza, maana kipimo cha umeme wa moyo kikifanywa yamekwisha huweza kutoka safi. Zipo dawa za kulegeza mishipa, kama amlodipini. Ile dawa ya presha ya mama mdogo, propranololi, usiiguse kabisa, kwani huweza kuzidisha mkazo huo.

Je, yamekurudia tangu Jumapili? Yanashuka hadi mkononi? Aliyekuandikia vidonge umemwambia, au umemficha kama ulivyotaka kunificha mimi? Nipande basi la kwanza kesho nije tuende pamoja?

Wako akupendaye,
Ndeshi