Barua kwa mwanangu: Babu yako na rejesta zake

Nakuru,
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, na bibi yako naye anaendelea vizuri. Natumai ulifika Maseno salama na mitihani inakwenda kama ulivyojiandaa.

Siku ya mazishi ya babu yako ulifika kwetu Malava asubuhi, ukaondoka jioni, wala hatukupata nafasi ya kuketi pamoja. Juzi kwenye simu ukaniuliza yule mama mwenye leso ya buluu, aliyelia kaburini kuliko sisi watoto wa marehemu, ni nani, na mbona hakutajwa miongoni mwa jamaa. Simu ikakatika kabla sijakujibu. Afadhali, maana jibu lake ni refu. Wasifu uliosomwa pale ulikuwa sahihi: alizaliwa, akafundisha, akawa askari wa wanyamapori, akastaafu, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Lakini mtu aliyeishi karibu miaka tisini haenei kwenye karatasi moja, na mimi nataka umjue babu yako kuliko alivyosomwa siku ile.

Alizaliwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Akasomea ualimu wa P3, cheti cha walimu wa shule za msingi, na Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 alikuwa tayari anafundisha shule ya msingi huko kwetu. Kila asubuhi aliita majina kwenye rejesta. Walimu wote huita majina, najua. Wengi wakishamaliza kuita hufunga rejesta na kuanza hesabu. Baba yangu hakuwa hivyo. Walioitikia hawakumshughulisha sana. Alimtafuta yule ambaye jina lake liliitwa pakawa kimya. Shule ikifungwa jioni, alipanda baiskeli yake ya Raleigh akaenda hadi nyumbani kwa mtoto huyo. Mara karo imekosekana, mara mtoto amebakizwa kuchunga ng'ombe, mara analea wadogo zake kwa sababu mama yao ni mgonjwa. Wakati wa kupalilia mahindi darasa lilibaki nusu, naye alizunguka kijiji kizima.

Yule mama uliyemwona alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la sita. Jina lake lilikaa wiki nzima bila kuitikiwa. Baba alipofika kwao akakuta mahari yameshazungumzwa na siku imeshapangwa. Mara ya kwanza alifukuzwa. Mara ya pili alikalishwa chini ya mti hadi giza likaingia, hakuna aliyemsemesha. Mara ya tatu akaenda na mzee mmoja wa ukoo wa wale watu, aliyekuwa akiheshimiwa sana, na mzee yule ndiye aliyezungumza. Msichana akarudi shuleni, akafanya mtihani wa darasa la saba, na baadaye akawa mkunga. Amezalisha nusu ya watu waliokuwa pale mazishini. Ndiyo maana alilia vile, na ndiyo maana sisi tuliomjua hatukumshangaa.

Baadaye baba akahamishiwa Nakuru. Eneo la ziwa lilitangazwa mbuga ya taifa mwaka 1968, na kabla ya hapo lilikuwa hifadhi ya ndege. Miaka hiyo ndiyo vilabu vya wanyamapori vilianza kuenea katika shule zetu, naye akakianzisha cha shule yake. Watoto wa mtaa wa Bondeni walikuwa wakiliona ziwa kwa mbali tangu kuzaliwa, lakini wengi hawakuwahi kulikanyaga ufuoni. Aliwapeleka kwa miguu. Aliwaonyesha heroe, yaani flamingo, akawaeleza kwamba wanachochuja majini kwa midomo ile iliyopinda ni mwani mdogo usioonekana kwa macho. Akawaonyesha mwari, yule ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo, akawaambia kwamba ndege hawa waliongezeka ziwani baada ya watu kuleta samaki wadogo kutoka Ziwa Magadi ili wale viluwiluwi vya mbu. Mimi nilikuwa mdogo, nilifuatana nao, na hadi leo nikimwona mwari namsikia baba akieleza.

Sasa, kwa nini aliacha ualimu? Bibi yako aliuliza swali hilo kwa miaka mingi, tena kwa hasira, kwa sababu mshahara haukuongezeka na nyumba ya mwalimu ilitubidi tuirudishe. Baba alisema tu kwamba kule mbugani wanahitajika watu wanaojua kusoma, kuandika na kuhesabu. Wenzake askari waliendelea kumwita Mwalimu hadi siku anastaafu. Twiga wa Rothschild, aina adimu ya twiga, walipoletwa mwaka 1977 kutoka upande wa Soy, magharibi mwa Kenya, ambako mashamba yalikuwa yamewabana, alikuwa miongoni mwa waliowapokea. Alirudi nyumbani amefurahi sana. Alisema wamekuja wageni kutoka karibu na kwetu.

Lakini vifaru ndio waliochukua moyo wake. Ujue ilivyokuwa: mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi takriban 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 hawakufika 400. Waliuawa kwa ajili ya pembe tu. Mwaka 1987 Ziwa Nakuru ikafanywa hifadhi ya vifaru, mbuga ikazungushiwa ua wa umeme, na vifaru wakaletwa kutoka hifadhi ya Solio. Kila mmoja alikatwa alama masikioni, na kila mmoja akawa na alama zake, ili askari amtambue hata akimwona mara moja kati ya majani. Baba akapata tena darasa lake. Alikuwa na daftari, na humo alichora kichwa cha kila kifaru kikitazamwa kwa mbele, masikio na mikato yake, kisha tarehe alizomwona. Kila doria ikiisha alikagua nani hajaonekana.

Kuna jike mmoja alipotea hivyo. Siku zikapita. Wenzake wakaanza kusema amekwisha kuuawa, watafute mzoga. Baba alikwenda kila alfajiri kwenye vichaka vya leleshwa alikopenda kujificha, akitazama nyayo za vidole vitatu na marundo ya kinyesi, maana kifaru mweusi hupenda kurudi palepale kuacha mavi yake. Akampata. Alikuwa amejifungua, na mama wa kifaru mweusi humficha mtoto wake sana. Nakumbuka jioni ile baba alivyoingia, viatu vimejaa matope, akatuita sote mezani akachora ndama kwenye daftari huku tunamtazama. Ndama hakuwa bado na alama yoyote, kwa hiyo masikio yake yalikuwa mazima.

Wako wengine waliopatikana wamekatwa pembe. Siku hizo hakula wala hakuzungumza, na sisi tulijua tusimuulize.

Jambo moja nataka ulikumbuke kwa sababu linamweleza baba kuliko yote. Alimkamata mtu akitega mitego ya waya ndani ya ua, upande wa Barut. Akamtazama usoni, akamtambua: alikuwa amemfundisha. Hakumwachilia. Alimpeleka kituoni mwenyewe, akaandikisha maelezo. Asubuhi iliyofuata, kabla ya zamu, akaenda nyumbani kwa mtu yule kuuliza kama watoto wamekwenda shule. Hawakuwa wamekwenda. Akalipa alichoweza, na akaendelea kupitia pale kila wiki hadi baba yao aliporudi. Bibi yako alimwambia huwezi kumfunga mtu kisha ulishe nyumba yake. Baba akajibu kwamba mtu ana kesi yake na watoto wana shule yao. Mimi naona alikuwa sawa kabisa, na nimeyatafakari haya miaka mingi.

Alistaafu, lakini hakutulia. Unakumbuka maji yalivyopanda? Ziwa lilianza kufurika katika miaka ya 2010, likafunika lango kuu na ofisi, migunga ikafia ndani ya maji, na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Watu mtaani walisema ni laana. Baba aliwaeleza kila aliyemsikiliza, hata kwenye kiti cha kinyozi, kwamba maji mengi ya mvua yamepunguza chumvi na magadi, na mwani wanaoutegemea heroe ukapungua. Kisha nyumba za Mwariki, mtaa ulio karibu na ziwa, zikaingiwa na maji, familia zikahama usiku. Alikuwa na mkongojo tayari, goti limemchosha, lakini alizunguka akiuliza watoto wa nyumba zile wamehamia wapi na wanasoma wapi, akaandika majina, akawapelekea walimu wa shule za karibu. Hakuna aliyemtuma.

Nimemkumbuka sana baba. Nikiandika haya mkono unanilemea.

Tumefungua lile sanduku lake la bati. Zimo daftari za vifaru na nakala za majina ya madarasa yake. Mjomba wako anasema ni karatasi tu, panya watazila, mimi nimekataa. Ukifunga chuo Desemba njoo tuzinakili. Zile za mwaka 1988 ziliandikwa kwa penseli na zimeanza kufifia, tuanze nazo, na uje na rafiki yako mwenye simu inayopiga picha safi ili michoro ya masikio isipotee. Za vifaru nitawauliza vijana wa mbugani kama wanazitaka. Za shule nafikiri ziende Malava, na yule mama wa leso ya buluu ameshaniambia angependa kuona ukurasa wa darasa lake, kwa hiyo tutampitia njiani.

Bibi anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri. Nijibu kuhusu tarehe ya kufunga ili nikutumie nauli mapema.

Ni mimi,
Mama yako