Dua ya miaka 120: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako za siku yangu ya kuzaliwa nimezipokea, nikazisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Umeniombea nifike miaka 120. Nimeitikia amina, lakini kisha nikamkumbuka mtu pekee ambaye umri wake umethibitishwa kwa nyaraka kwamba aliuvuka mpaka huo. Huyo ni Jeanne Calment, aliyezaliwa katika mji wa Arles, kusini mwa Ufaransa, tarehe 21 Februari 1875, na kufariki tarehe 4 Agosti 1997, akiwa na miaka 122 na siku 164.

Watu huuliza alikula nini. Swali hilo halinishughulishi, maana bibi huyo alivuta sigara hata baada ya kutimiza miaka mia na alipenda chokoleti na divai. Ninachokitazama mimi ni waliomtangulia. Binti yake wa pekee, Yvonne, alifariki mwaka 1934, siku ileile aliyotimiza miaka 36, akaacha mtoto wa kiume wa miaka saba. Calment akamlea mjukuu huyo, Frédéric, mpaka akawa daktari. Mwaka 1942 akamzika mumewe, na mwaka 1963 akamzika Frédéric naye, aliyekufa katika ajali ya gari. Hakubaki na mtoto wala mjukuu, na mbele yake kulikuwa bado na miaka 34.

Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 90 na bila mrithi, aliingia mkataba na mwanasheria mmoja wa miaka 47: mwanasheria angemlipa faranga 2,500 kila mwezi maisha yake yote, naye akifa, nyumba ingekuwa ya mlipaji. Unaweza kukisia hesabu aliyopiga bwana yule. Alilipa kwa miaka 30, akafa mwaka 1995 akiwa ameshatoa zaidi ya mara mbili ya thamani ya nyumba asiyowahi kulala ndani yake, na mjane wake akaendelea kulipa. Nilicheka nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza. Siku hizi sicheki sana, kwa kuwa naona kwamba hata mtu aliyekuwa akikingojea kifo chake alimtangulia.

Mwaka 2018 walijitokeza watafiti kutoka Urusi wakidai kwamba aliyekufa mwaka 1934 alikuwa mama, na kwamba binti alichukua jina lake. Wataalamu waliouhakiki umri wake walilipinga dai hilo, nami nawaunga mkono, kwa sababu siri ya namna hiyo ingehitaji mume, mkwe, majirani na yule mtoto wa miaka saba wote wafunge midomo. Mtoto wa umri huo hawezi kumwita mama yake bibi mbele za watu, mwaka hadi mwaka, bila ulimi kuteleza.

Basi, mwanangu, dua yako usiifute, ila ipunguze. Niombee umri wowote atakaopenda Mungu, mradi uwe mfupi kuliko wako, ili siku ikifika, wewe ndiye unizike mimi.

Wasalimie wajukuu zangu.

Mimi mama yako.