Zabuni za mabwawa ya mchanga zinatuletea tope

Mhariri,

Kila kiangazi kikikaza katika kaunti za Kitui, Machakos na Makueni nchini Kenya, ahadi za mabwawa ya mchanga, yaani kuta zinazojengwa kukatiza mito ya msimu, huongezeka, na bajeti huhesabu idadi ya kuta. Hesabu hiyo ina kasoro. Maji ya mto wa msimu hukaa ndani ya mchanga unaotuama nyuma ya ukuta, na mchanga haulingani.

Mita moja ya ujazo ya mchanga wa chembe kubwa hutoa lita 250 hadi 350. Ikiwa ni tope, hutoa kama lita 50, yaani mitungi miwili na nusu. Kupima ni rahisi: toboa kitako cha ndoo ya lita 20, ziba tundu, jaza mchanga mkavu wa mtoni, mimina maji hadi yaonekane juu, kisha zibua na upime yanayotoka. Yasipofika lita 4, tafuta mto mwingine.

Tope hilo mara nyingi tunalileta wenyewe. Mto ukibeba mchanga mwembamba, ukuta unafaa kupandishwa sentimita 30 hadi 50 tu, kisha unangoja mvua. Mafuriko huacha mchanga mzito na kupitisha tope juu ya ukuta. Ndipo unapandisha tena. Ukuta wa mita 2 hutaka angalau misimu minne ya mvua. Lakini mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, na mkandarasi hulipwa akimaliza kazi, kwa hiyo huinua ukuta wote kwa mpigo. Maji hutulia nyuma yake kama ziwa, tope linazama, na ukija kuchimba kisima unakuta udongo wa mfinyanzi.

Tunaomba kaunti zitoe zabuni za miaka mitatu, zilipe kwa hatua, na zizuie malipo ya mwisho hadi mchanga uliotuama upimwe kwa ndoo. Palipo na mchanga mkubwa tele, ukuta unaweza kujengwa mara moja. Kipimo ndicho kiamue, wala si tarehe.

Mkaguzi naye afike kabla zege halijamwagwa. Mtaro wa msingi lazima ufike mwamba mzima kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiishia kwenye mwamba uliooza, maji hupenya chini na kiangazi hukuta mchanga mkavu. Mabawa ya ukuta, yaani ncha zake zinazoingia kingoni, yakiwa mafupi, mafuriko hukata ukingo, mto ukajipitia kando na kuuacha ukuta umesimama peke yake. Kasoro hizi hazionekani tena zege likishakauka.

Kisha kuna malori. Makueni ilitunga sheria yake ya kudhibiti uzoaji wa mchanga mwaka 2015, nasi tunaiunga mkono kwa dhati. Lori la mita 5 za ujazo likizoa mchanga mzuri nyuma ya ukuta, limeondoa nafasi ya lita 1,250 au zaidi. Linaacha pia shimo ambamo maji hukaa wazi juani, ilhali yakiwa sentimita 60 chini ya mchanga hupotea kidogo sana. Marufuku ya kuzoa mchanga iandikwe kwa mipaka inayoonekana: nguzo za zege kwenye kingo zote mbili, kuanzia chini kidogo ya ukuta hadi pale mchanga uliotuama unapoishia, mara nyingi mamia ya mita juu ya mto. Gharama ya nguzo hizo iwekwe ndani ya zabuni ileile ya ukuta.

Mafundi wa mabwawa ya mchanga,
Kitui