Warudisheni kwenye kipindi cha Kifaransa

Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Sekondari

Yah: Wanafunzi wenye mahitaji maalumu kuondolewa katika somo la Kifaransa

Ndugu Afisa Elimu,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Bagamoyo. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, nafundisha Kidato cha Kwanza na cha Pili. Nakuandikia hadharani kwa sababu naamini jambo hili haliishii kwenye shule moja, na mzazi atakayesoma huenda akamtambua mwanawe.

Muhula huu kikao cha walimu kilikubaliana kwamba wanafunzi wetu wenye mahitaji maalumu wasisome Kifaransa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ilisemwa kwamba watoto hawa wana mzigo tayari: Kiingereza kinawalemea, Hisabati inawalemea, ya nini kuwatwisha lugha nyingine isiyo ya lazima? Basi siku hizi kengele ya kipindi changu ikilia, watoto sita wananyanyuka, wanashikana mikono, wanakwenda kukaa kwenye chumba cha kitengo cha elimu maalumu. Huko hawafundishwi kitu. Wanasubiri dakika ziishe.

Siku ya kikao nilinyamaza, na ukimya ule unaniuma hadi leo.

Ndugu Afisa Elimu, mtoto anapoingia Kidato cha Kwanza anakuta karibu kila somo limehamia kwenye Kiingereza. Aliyesoma shule ya msingi bila vitabu vya nukta nundu, maandishi ambayo wasioona husoma kwa vidole, au bila mwalimu anayejua lugha ya alama, anaingia na deni la miaka saba, na deni hilo linamfuata kwenye Baiolojia, Jiografia na kila kona. Kifaransa hakimdai. Asubuhi ile ya kwanza nikisema "Bonjour", darasa zima linanitolea macho: mtoto wa mwalimu, mtoto wa mvuvi, asiyeona, kiziwi, wote wako sifuri. Sijui somo lingine ambalo watoto hawa wanaanza mstari mmoja na wenzao. Hilo ndilo tulilowaondolea.

Nikueleze habari ya msichana mmoja. Haoni kabisa, na vidole vyake vinasoma haraka kuliko macho ya wengi darasani. Wiki ya tatu, kabla hawajaondolewa, alinifuata baada ya kipindi, karatasi mkononi. "Madam, hili neno halisomeki. Linaanza na 'for'." Neno lenyewe lilikuwa école, yaani shule. Nikaenda naye kwa mwalimu wa elimu maalumu, tukakaa watatu, ndipo tukagundua. Katika nukta nundu ya Kiingereza iliyofupishwa, ile anayoisoma kila siku kwenye masomo mengine, nukta zote sita zikikaa pamoja husomeka "for". Katika nukta nundu ya Kifaransa, nukta hizohizo sita ni herufi é. Na è ya Kifaransa kwa Kiingereza ni "the". Sasa chukua neno élève, mwanafunzi, halafu fikiria mtoto anavyolisoma: for, l, the, v, e. Watu walikuwa wameshaanza kusema msichana huyu ni mzito wa kuelewa. Alikuwa anasoma sawasawa kabisa, kwa kanuni za lugha nyingine, kwa sababu hakuna aliyempa karatasi moja yenye herufi za Kifaransa.

Tulimwekea mashine ya kuandikia. Ina vitufe sita vya nukta, na kuandika é unavibonyeza vyote kwa mara moja. Akabonyeza, akapitisha kidole, akabonyeza tena, mpaka mstari ukajaa. "Sita zote, Madam? Hii herufi imeshiba!" Nikamsimulia kwamba aliyebuni maandishi haya, Louis Braille, alikuwa Mfaransa, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi, aliyeumia jicho akiwa mdogo kwenye karakana ya baba yake hadi akapofuka macho yote mawili, na akachapisha nukta zake mwaka 1829 akiwa na miaka 20 tu. Msichana akanyamaza kidogo. "Kumbe zimetoka huko." Lugha ya kwanza kuandikwa kwa nukta hizi ni hiyohiyo tunayomwambia haimfai.

Kuhusu viziwi, ilidaiwa kwamba lugha ya kigeni ni matamshi, hivyo wasisumbuliwe. Lakini Kifaransa huandika herufi nyingi kisizozitamka. Il parle, anaongea. Ils parlent, wanaongea: kwa sikio ni kitu kimoja. Wanaosikia huandika walichokisikia, ile -ent ya mwisho ikadondoka. Kijana wangu kiziwi huandika alichokiona, na katika jaribio la vitenzi hakuidondosha hata mara moja. Imla ya kusikiliza ndiyo isiyomfaa, nami nilishaibadilisha: yeye aliangalia picha, akaandika sentensi.

Wenye ualbino wawili waliokuwapo darasani shida yao ilikuwa ndogo kuliko zote. Kutoka walipokaa, alama iliyo juu ya é na ile ya è ni vumbi tu la chaki. Nikaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, nikawasogeza mbele upande usiopigwa na jua. Yakaisha.

Kazi iliyonifurahisha zaidi ni ya le na la, vineno vinavyotangulia majina ya Kifaransa. Sikuanza na habari ya jinsia, nilianza na ngeli. Mtoto wa Kiswahili anajua tangu utotoni kwamba jina linaburuta maneno yake: kiti kirefu, mti mrefu, hawezi kusema kiti mrefu. Kwa hiyo nikiwaambia Kifaransa nacho kina ngeli zake, mbili tu, wanapumua. Vitabu hutumia rangi kuzitenganisha, rangi ambazo msichana yule hazioni, basi nikachukua msasa na kipande cha kanga kuukuu. Le ni msasa, la ni kanga. Tunaye mvulana anayesahau upesi, kwao ni wavuvi. Nilimletea kipande cha wavu kilichoshonewa msasa, le filet, na kipande cha kamba kilichofungwa kanga, la corde. Maneno manne kwa kipindi, hayakuzidi, na kipindi kilichofuata tulianza na yaleyale. Wiki moja baadaye alinikuta nje ya ofisi, akagusa ukingo wa kanga niliyojitanda, akasema "la". Akaenda zake.

Sitasema mengi juu ya faida ya lugha hii. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni hapa mwaka 1868 walikuwa Wafaransa, na wageni wanaokuja kuiona misheni hiyo na magofu ya Kaole wengine wanazungumza Kifaransa. Burundi wamo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kongo ikafuata 2022. Anayesema mtoto asiyeona hataweza kuongoza wageni au kufanya ukalimani hajamsikia msichana wangu akisoma kwa sauti.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 unaijua kuliko mimi. Baraza la Mitihani nalo huwaongezea watahiniwa hawa muda na kuwaandalia mitihani ya nukta nundu na ya maandishi makubwa. Njia ya kufika mtihani ipo. Sisi tunawazuia mlangoni.

Ninachokuomba si kikubwa. Toa maelekezo kwamba mwanafunzi asiondolewe kwenye somo kwa sababu ya ulemavu wake, bali yeye na mzazi wake ndio waamue. Tupatie siku mbili, walimu wa Kifaransa na wa elimu maalumu tukae pamoja, tuandae herufi za Kifaransa za nukta nundu na kuzigawa kwenye shule zenye vitengo. Na mkalimani wa lugha ya alama anapopangiwa ratiba, kipindi cha Kifaransa kihesabiwe.

Nafundisha Jumanne na Alhamisi. Ukipata nafasi, karibu sana uje uone. Madawati yao sita sijayaondoa, utakaa mojawapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kifaransa
Bagamoyo