Pete ya njiwa: nusu gramu inatosha

Mhariri,

Okota njiwa aliyechoka mitaa ya Arusha kama Ngarenaro au Unga Limited, umtazame miguu. Mara nyingi utakuta kibanio cha nailoni cha kufungia nyaya, kipande cha waya wa shaba, au uzi wa rangi. Mwenyewe alikusudia kumtambua ndege wake, kumbe amemvisha kitanzi. Kibanio cha nailoni kina meno ya kwenda mbele tu. Kikishakazwa hakilegei, na ncha inayobaki baada ya kukata mkia wake huchoma mguu wa pili kila njiwa anapolala. Uzi ni mbaya kuliko vyote: hujisokota, hubana, damu haipiti, mwishowe kidole hukauka na kudondoka.

Njiwa wa mbio ana uzito wa gramu 400 hadi 500. Pete yake haina sababu ya kuzidi nusu gramu, na fundi yeyote wa bati hapa Arusha anaweza kuitengeneza. Inayofaa zaidi kwa njiwa aliyekomaa ni ya vipande viwili: pete ya ndani ya alumini, na pete ya nje ya plastiki angavu inayofunika karatasi yenye namba ya simu. Haitaki gundi wala koleo.

Alumini iwe na unene wa milimita 0.5. Mfuniko wa sufuria nyepesi iliyochakaa huweza kufaa, ila upimwe kwanza kwa venia, kile kipimo cha unene na kipenyo. Kopo la soda halifai kabisa; unene wake ni kama milimita 0.1, linajikunja na ukingo wake unakata kama wembe. Kata utepe wenye upana wa milimita 6. Urefu hupatikana hivi: kipenyo cha ndani, 8, ongeza unene, 0.5, zidisha kwa 3.14, unapata karibu milimita 26.7. Piga kingo zote msasa laini kabla ya kukunja, maana baadaye sehemu ya ndani haifikiki vizuri. Kisha zungushia utepe kwenye shina la biti ya keekee ya milimita 7.5. Si 8, kwa sababu alumini ukiiachia hurudi nyuma kidogo, na hapo ndipo unapata 8 yako.

Pete ya nje hutoka kwenye bomba la sindano la mililita 2 au 3. Liwe jipya, la duka la dawa. Lililotumika ni taka ya hatari, lisiingie bandani. Mabomba hutofautiana kwa mtengenezaji, hivyo pima: unataka kipenyo cha ndani kati ya 8.7 na 9. Likifika 9.5, pete ya nje itacheza na kuchomoka. Ingiza kijiti ndani ili lisibonyee, kata kipande cha milimita 7 kwa msumeno wa meno madogo, halafu toa ufa wa milimita 2 upande mmoja, toka juu hadi chini. Piga msasa.

Karatasi iwe ya milimita 27 kwa 5, tarakimu kumi za simu zinaenea vizuri. Andika kwa penseli. Wino mwingine huyeyuka kwenye maji, na njiwa hupenda kuoga kuliko tunavyodhani. Ifunge kwa selotepu kuizunguka pete ya ndani. Unene huo mdogo ndio unaofanya pete ya nje ing'ang'anie.

Kumvisha kunataka watu wawili. Mmoja amshike njiwa, mabawa yamebanwa, mguu umenyooka. Mwingine apanue pete ya ndani kiasi cha kupita muundi tu, aiweke, aifunge kwa vidole mpaka ncha zigusane. Zikipandana, kipenyo hupungua na ukingo hukwaruza. Zikiachana, zitanasa uzi au wavu wa banda. Usiifungue na kuifunga mara kwa mara, alumini itapasuka pale pale inapokunjwa. Sasa pitisha pete ya nje kwenye muundi, juu ya ile ya ndani, uiteremshe iifunike, ufa wake ukielekea upande wa pili wa kiungo cha alumini. Zote mbili zina uzito wa karibu gramu 0.4. Pete iliyokaa sawa huzunguka na kupanda na kushuka bila kukwama, lakini haivuki kifundo wala vidole.

Plastiki hii jua huila. Ikianza kuwa nyeupe na kukatika, ibadilishwe.

Pete hii, hata hivyo, haithibitishi umri wala mwenye njiwa, kwa kuwa yeyote anaweza kuivua. Kwa mashindano hutumika pete isiyo na kiungo, ya milimita 8 vilevile, yenye mwaka na namba, anayovishwa kinda akiwa na siku 7 hivi. Kabla ya hapo inachomoka na kupotelea kwenye majani ya kiota. Siku ya 10 mara nyingi umechelewa, na kulazimisha ni kumtegua vidole. Paka mguu mafuta ya mgando, pitisha vidole vitatu vya mbele kwa pamoja, kidole cha nyuma kikiwa kimelala kwenye muundi, sogeza pete juu, kisha kichomoe kidole cha nyuma taratibu kwa kijiti butu. Rudi kesho yake asubuhi uangalie kama bado ipo. Wanaotumia pete ya chipu, inayosomwa na saa ya kielektroniki njiwa anaporudi bandani, waiweke mguu wa pili: alumini ikiwa jirani hudhoofisha usomaji.

Na kwa msomaji atakayemwokota njiwa wa namna hii, iwe Moshi, Usa River au Tengeru: usikate kitu. Mpe maji na punje za mahindi yaliyoparazwa, sogeza pete ya nje juu kwa ukucha kama karatasi imefifia, soma namba, upige.

Wafugaji wa njiwa,
Arusha