Mizigo ya Ukara ipewe tishari lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu visiwa vidogo vya Ukerewe, Ziwa Victoria: abiria na mzigo mzito wasipandishwe chombo kimoja.

Septemba 20, 2018, siku ya gulio la Bugolora, kisiwani Ukerewe, kivuko MV Nyerere kutoka huko kilipinduka kikiwa kinakaribia kabisa gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101 kilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hao, juu yake saruji, mahindi na bidhaa za gulio. Tulizika watu zaidi ya 220. Siwalaumu marehemu. Mwenye duka akishanunua magunia yake hawezi kuyaacha ufukweni, basi hupanda nayo chombo chochote kinachoondoka.

Baadaye kililetwa kivuko kikubwa zaidi, na tunashukuru. Lakini ukubwa peke yake hauvunji mazoea.

Ninachoomba ni tishari, chombo cha kitako bapa kisichohitaji kina kirefu, chenye mlango wa mbele unaoshushwa mchangani. Lipeleke mizigo Ukara, kisha Irugwa na kwenye mialo isiyo na gati, kwa siku zinazojulikana. Saruji, mabati na mbolea vipimwe kwenye mizani nchi kavu, vipangwe chini na kufungwa kamba visihame kwa mawimbi, na alama ya ujazo ubavuni isizame hata kidogo. Mafuta nayo yaende huko huko. Madumu ya petroli hayana nafasi karibu na mama mwenye mtoto mgongoni. Likirudi lichukue dagaa wanaokwenda soko la Kirumba, Mwanza, lisirudi tupu.

Kituo cha afya cha Bwisya kilipanuliwa kwa sehemu ya rambirambi za ajali ile. Vitanda na dawa zake navyo lazima vivuke ziwa.

TEMESA, wakala wa serikali unaoendesha vivuko, waanze na tishari moja, lakini wasisahau ghala pale Bugolora. Mfanyabiashara apokelewe mzigo wake siku ya gulio, apewe stakabadhi, avuke mikono mitupu, na kesho yake aukute Bwisya. Bila ghala lenye mlinzi na stakabadhi inayoheshimika, hakuna atakayekubali kutengana na magunia yake, na tishari litaelea bure.

Msomaji wako,
Mwanza